720,720 na barabara za Ngamiani

Ngamiani, hapa Tanga, barabara huitwa kwa namba, kwa hiyo swali limejileta lenyewe: ni namba gani ndogo kabisa inayogawanyika bila baki kwa namba ya kila barabara, ya 1 hadi ya 16? Jibu ni 720,720.

Wengi huzidisha zote, 1 × 2 × 3 mpaka 16, wakaangukia 20,922,789,888,000. Inagawanyika, lakini si KDS (kigawe kidogo cha shirika) hata kidogo, maana 2 imeingia tena na tena kupitia 4, 6, 8, 10 na wenzao. Kila namba tasa chukua mara nyingi kadiri barabara moja inayoidai zaidi inavyotaka, basi. 2 inadaiwa mara nne na 16. 3 mara mbili na 9. 5, 7, 11 na 13 mara mojamoja. Yaani 16 × 9 × 5 × 7 × 11 × 13. Ya 12 haidai kipya: 4 na 3 zake zimo tayari.

Vigawo vya 720,720 ni 240, na hakuna namba ndogo kuliko hiyo inayofikisha idadi hiyo. Katika kuunda kigawo, 2 hutumika mara 0, 1, 2, 3 au 4: njia tano. 3 ina njia tatu, zilizobaki mbilimbili: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2. Anayesahau ile mara 0 hupata 8, kichekesho kwa namba ambayo tumeshaipa vigawo 16.

Tazama pia umbo lake: 720 imeandikwa mara mbili mfululizo, yaani 720 × 1,001, na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Ndiyo maana hata 358,358 inagawanyika kwa hizo tatu.

Kutoka 720,722 hadi 720,736 hakuna namba tasa hata moja. Ukiongeza 2 jumla inagawanyika kwa 2, ukiongeza 13 kwa 13, vivyo hivyo hadi 16. Usiiingize 720,721, kuongeza 1 hakuthibitishi chochote.

Barabara ya 17 ndiyo inayoharibu: baki 5. Zidisha kwa 17 upate 12,252,240, na ya 18 inaingia bure. Zidisha tena kwa 19: 232,792,560, ambapo 20, 21 na 22 hazidai kitu. Kuhakiki kwamba bado inagawanyika kwa 1,001, kata tarakimu tatutatu kutoka kulia, ukitoa na kujumlisha kwa zamu: 560 − 792 + 232 = 0. Isipotoka 0 wala kigawe cha 1,001, rudia kuzidisha.