Usiku wa ngoma kijijini kwetu, na aibu niliyoipata kwanza

Mimi ni fundi baiskeli. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani nimesomea sanaa mahali. Lakini usiku wa ngoma na masimulizi uliofanyika kijijini kwetu, upande wa Mvumi, Dodoma, mwezi wa saba mwaka jana, niliuandaa mimi, na hadi leo akina mama wakipita kibandani kwangu wananiita "mwenye ngoma". Niacheni nijisifu kidogo, maana mwaka mmoja kabla ya hapo walikuwa wananicheka.

Jambo lenyewe lilianza na zeze bovu. Mzee mmoja jirani alikatikiwa waya, akaja kuuliza kama nina chochote cha kufaa. Nikachambua waya wa breki, nikampa nyuzi mbili. Akakaa juu ya ndoo, akazikaza, akaegemeza kibuyu tumboni, akaanza. Wateja waliokuja kujaza upepo wakasahau baiskeli zao. Vijana wangu wawili ninaowafundisha kazi hawakuwahi kuona zeze likipigwa mbele ya macho yao, na wote ni Wagogo kwa baba na mama! Hukwe Zawose, yule mpigaji zeze mashuhuri, wanamjua kwenye simu, tena mmoja alidhani ni mtu wa Bagamoyo. Mzee akamkata jicho: yule ni mtoto wa hukuhuku Ugogoni, Mwalimu Nyerere ndiye aliyemchukua Dar es Salaam miaka ya 1960, na Bagamoyo alikwenda kufundisha, akafia huko 2003. Nikasema basi, tufanye kitu.

Kosa langu nililifanya hapo. Nilikwenda kuomba ushauri mjini.

Jamaa niliyemwona hupanga sherehe za harusi. Akaniambia bila mgeni rasmi hakuna shughuli. Bila maspika hakuna shughuli. Turubai, viti vya plastiki, mshereheshaji, ratiba iliyochapwa. Na mimi nilikuwa nimeshaona tamasha la muziki wa Kigogo pale Chamwino, watu wamejaa, nikajiona nami nina Chamwino yangu. Michango niliyochangisha ikaishia kwenye maspika na jenereta, laki tatu na kitu, na mimi nikaongezea ya spea za dukani. Mke wangu hajasahau.

Ratiba ilisema saa nane mchana. Akina mama wa muheme walifika saa saba. Sasa kama hujui muheme: ngoma zile hupigwa na wanawake, wamezibana mapajani, na ngozi yake ni kama mtoto mdogo, haitaki baridi. Unawasha moto wa mabua, unazisogeza karibu, unagonga kwa vidole, unasikiliza, unazigeuza, mpaka ile "bu, bu" ya kulegea igeuke "ti!" kavu inayouma sikio. Zikikaza, zipigwe. Hazihifadhiki.

Wakazikausha saa nane. Mgeni rasmi hajafika. Zikalegea. Wakazikausha tena saa tisa, mabua yakaanza kuisha, mshereheshaji akawaomba wazime moto kwa sababu moshi unaingia kwenye turubai la mgeni. Saa kumi na moja kasoro gari likaingia. Mgeni akashika kipaza sauti, akatusalimu Kigogo, "Mbukwenyi!" Tukaitika. "Sijasikia! Mbukwenyi!" Tukaitika. Mara tano, kama kampeni. Akazungumzia vyoo, mahudhurio shuleni, akafika kwenye utamaduni kwa dakika mbili, akatazama saa.

Muheme ilipoitwa, ngoma zilikuwa zimelala kabisa. Kiongozi wao akapiga pigo la kwanza, ikatoka sauti ya mtu anayepiga godoro. Akasimama. Akaifunga kanga yake vizuri, akaweka ngoma kichwani, akaondoka, na wenzake wote kumi na moja nyuma yake bila kuaga. Mzee wa zeze naye akasogezewa kipaza sauti. Kilichosikika ni jenereta, upepo, na mkwaruzo mmoja kama paka darini. Vijana wakaomba tuweke muziki wa simu. Tukaweka. Ndiyo aibu yenyewe hiyo.

Mwaka uliofuata sikwenda mjini. Nilimfuata yule kiongozi wa muheme nyumbani kwake, nimebeba mche wa sabuni na kilo mbili za sukari, nikakaa chini. "Mama, nifundishe ulitaka iweje." Alinicheka kwanza, tena vizuri. Kisha akasema, "Mwanangu, moto ndio mgeni rasmi."

Kwa hiyo tukapanga hivi: baada ya mavuno, mtama ukiwa ndani na watu wana nafasi, jioni, kwenye zizi la mzee mmoja ambalo ng'ombe wake walikuwa wamehamishwa. Upepo wa Dodoma mwezi wa saba unaujua mwenyewe, unachukua sauti yote ya zeze unaipeleka Singida. Ukuta wa tembe upande mmoja na boma la miiba upande mwingine vikauzuia. Hakuna spika. Moto katikati, mabua ya kutosha, mikeka. Mtendaji nilimwandikia barua mapema akatoa kibali, na nikamwambia akaribie kama baba wa familia. Alikuja, akakaa mkekani. Chakula akina mama walichanga wenyewe, ugali wa mtama, mlenda na maziwa mgando. Sidhani kama nilitumia zaidi ya elfu arobaini.

Muheme ilipolia usiku ule, watoto waliolala waliamka.

Ila shida ilibaki kwenye masimulizi. Wazee ukiwaambia "tusimulieni historia" wanakuwa kama wako mahakamani. "Zamani tuliishi vizuri, vijana mheshimu wakubwa." Kwisha. Hapa ndipo nilipotumia ujanja ambao najivunia kuliko yote: nilisimama nikadanganya. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Kama tujuavyo, njaa ile kubwa ya Mtunya ililetwa na nzige."

Kimya. Halafu kutoka nyuma, bibi mmoja anayekaribia miaka tisini: "Nzige gani?"

"Nzige, bibi. Si ndiyo?"

"Nani kakwambia? Kaa chini!"

Akasogea motoni. Akasema ilikuwa vita ya Mjerumani na Mwingereza, ile ya kwanza. Wakaja hawa wakachukua mtama na ng'ombe, wakaja wale wakachukua vilivyobaki, wanaume wakabebeshwa mizigo ya jeshi, mashamba yakakosa watu, na mvua nayo ikakataa. Mama yake alikuwa msichana mdogo, akafuatana na mama yake kwenda kuhemea, siku nne kwa miguu. Dada mkubwa wa huyo mama aliachwa kwa watu huko, ikapatikana debe ya mtama. Walisema watarudi kumkomboa. Bibi akanyamaza, akachokoa moto kwa kijiti. "Mama alikuwa akipika mtama anapima kwa kiganja, anaacha kiganja kimoja pembeni. Kila siku. Sisi tulidhani ni wa kuku."

Mzee mwingine akambishia kuhusu mwaka, bibi akamjibu vibaya, na kuanzia hapo hakuna aliyehitaji kuombwa. Mmoja wa vijana wangu alirekodi kwa simu yake, saa mbili na zaidi. (Chaji mbili, simu moja haifiki.) Siku nyingine nitadanganya kuhusu reli, nimeshapanga.

Wiki moja baadaye bibi alikuja kibandani akiongozwa na mjukuu. Nikamvutia ndoo akae. Akasema kuna kitu alisahau kuhusu yule dada, jina lake hakulitaja usiku ule, na anataka kulisema tukikutana tena, liingie kwenye simu. Kisha akaniuliza yule mtu aliyenidanganya habari za nzige ni wa wapi.

Nikamwambia ni wa mjini.