Jumatatu kwenye stesheni ya Riverside

Mliokulia kwenye miji ya treni mnaikumbuka saa kumi na mbili kasoro jioni. Treni kutoka Chicago inaingia hapa Riverside, kijiji cha pembeni mwa jiji hilo la Marekani, milango inafunguka, jukwaa lote linajaa makoti na watu wenye njaa. Nje magari yamepanga foleni, watoto wamebandika pua kwenye vioo wakimtafuta baba. Mimi nilikuwa nakaa kwenye ngazi, funguo mkononi, nikimsubiri mama.

Nimerudi wiki tatu zilizopita baada ya miaka kumi na tano Dar es Salaam. Mama tulimzika Tanga. Jumatatu ya kwanza nikaenda kusimama palepale. Treni ikaja, ya ghorofa kama zamani. Wakashuka watu wanne. Nikadhani kuna sikukuu nimeisahau.

"Sikukuu gani?" jirani akanicheka. Tangu korona, anasema, wenye kazi za ofisini Jumatatu na Ijumaa wanabaki nyumbani na kompyuta zao.

Jambo hili limenikaa rohoni, maana bila treni kijiji hiki kisingekuwapo. Reli ilishapita hapa, na mwaka 1868 kampuni moja ya ardhi, yenye ekari 1,600 kando ya mto Des Plaines, ikawapa kazi ya kuchora mji Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, walewale waliochora bustani ya Central Park ya New York. Mteja waliyemlenga ni mtu wa kufanya kazi Chicago na kulala penye miti mingi. Mwaka 1871 Chicago ikaungua, 1873 uchumi ukaanguka, kampuni ikafilisika. Treni ikaendelea kuja.

Na ndani ya treni ndiko tulikojuana! Konda alipita chini akitoboa tiketi za safari kumi, na sisi wa juu tukiinama kumpa zetu bila kuinuka kitini. Alijua nani kafiwa, nani kaachishwa kazi. Mama alikuwa mlezi wa wazee, Kiingereza chake cha kuunga, lakini konda alimwita kwa jina. Tiketi ile imefutwa. Siku hizi unainua simu, konda anaitupia jicho, anapita. Mimi hakuniuliza hata natoka wapi, na nilikuwa nimejiandaa kumjibu.

Taa za gesi za barabarani zipo bado. Mama aliziita karabai. Mnara wa maji uliochorwa na msanifu majengo William Le Baron Jenney upo. Ila bwawa dogo la Hofmann limebomolewa tangu 2012, ili mto upite na samaki wapande. Sawa, samaki wapande. Lakini mimi nilikua nikilala kwa mvumo wa yale maji, na usiku wa kwanza ukimya uliniamsha mara mbili.

Kwa mnaofikiria kurudi: njooni katikati ya wiki, mtakuta angalau watu. Karibu barabara zote zimepindwa makusudi, Olmsted hakutaka mtu awe na haraka, kwa hiyo wageni hupotea. Mimi nilisambaza magazeti hapa miaka minne, barabara ya Akenside naijua nikiwa nimefumba macho. (Jumanne nilipotea. Nilizunguka mara mbili nikatokea nyumba ileile, na mwenye nyumba akatoka kibarazani kuniangalia.)

Jumatatu hii nimekwenda tena. Walishuka sita. Mmoja alikuwa mama mtu mzima, mfupi, mkoba wa chakula umemlemea bega, anashuka kwa kushika chuma kwanza kisha mguu wa kushoto. Nikainuka kwenye ngazi kabla sijajua nimeinuka. Akaniona ninavyomtazama, akaukumbatia mkoba, akavuka upande wa pili wa barabara.