Namna nilivyoyatunza masale yangu kwenye maji yenye floraidi

Ukiishi upande huu wa Mlima Meru, Arusha, kuanzia Usa River kupanda Maji ya Chai hadi Ngarenanyuki, floraidi, madini yaliyoyeyuka majini, unaiona kwenye meno ya watu yaliyoingia rangi ya kahawia, bila kwenda maabara. Inatoka kwenye miamba ya volkano. Maji yakipita chini ya ardhi yanaiyeyusha, na kwa kuwa maji yetu yana magadi mengi na kalsiamu kidogo, hakuna cha kuikamata ikaganda huko huko chini. Habari ya meno kila mtu hapa anaijua. Habari ya mimea husemwa mara chache, na ndiyo iliyonishughulisha.

Mimi nilitaka masale. Kwetu Uchaggani isale ni mmea wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, huota penye makaburi ya wakubwa, na ukimpelekea jani lake mtu uliyemkosea, hawezi kukataa kukusikiliza. Nilikata vipande kihambani kwetu nikavipanda kwenye ndoo barazani. Vilishika vizuri, vikachipua. Kisha ncha za majani zikaanza kukauka, rangi ya kahawia ikishuka pembezoni mwa jani huku mstari wa njano ukiitangulia. Kule mlimani, kwenye mvua na maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, sijawahi kuona masale ya namna ile.

Kijana anayeuza miche barabarani aliniambia, "Dada, hayo maji ya bomba yana dawa. Yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha." Kwa klorini ya kawaida ushauri huo ni mzuri, maana klorini hupaa. Floraidi haipai. Kuchemsha nako hakusaidii. Maji yanapungua sufuriani na floraidi inabaki ile ile, kwa hiyo kila lita inakuwa na floraidi zaidi kuliko mwanzo. Chujio la mshumaa wa udongo tulilonalo jikoni linazuia tope na vijidudu, lakini floraidi imeyeyuka majini kama chumvi, inapita tu.

Nilipeleka sampuli ya maji yetu maabara. Majibu yalikuwa juu ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha mwisho kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Kwa isale hata hicho ni kikubwa. Wataalamu wa mimea huliita Dracaena fragrans, na Dracaena nyingi ni miongoni mwa mimea inayoumizwa na floraidi kwa haraka zaidi. Marekani, ambako sehemu nyingi floraidi kidogo huongezwa makusudi kwenye maji ya bomba hadi miligramu 0.7 kwa lita ili meno yasioze, wakuzaji wa maua ya ndani wanaijua vizuri shida hii ya ncha kuungua. Mmea unanyonya maji kwa mizizi, maji yanatokea majanini kama mvuke, floraidi inabaki na kurundikana pale safari ya maji inapoishia: kwenye ncha na kingo.

Dawa yangu kubwa imekuwa mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1 ya maji, hivyo paa dogo la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 10 linatoa karibu lita 400, ukiacha kidogo kinachopotea. Nilifunga gata upande mmoja wa nyumba, nikaelekeza maji kwenye simtanki. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi naiacha imwagike, maana inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Masika yalipoanza nilimwagilia kila ndoo kwa wingi hadi maji yakatoka chini, nikarudia mara kadhaa, ili udongo usafishwe. Mbolea za fosfati za dukani niliziacha pia, kwa kuwa hutengenezwa kwa mwamba ambao wenyewe una floraidi. Natumia samadi iliyooza.

Kiangazi ndicho kigumu. Hapo natumia mkaa wa mifupa, njia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapa hapa jirani, kimeifanyia kazi kwa miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa hewa kidogo, husagwa kuwa chembe na kujazwa kwenye ndoo yenye koki. Madini ya mfupa ndiyo yanayoikamata floraidi. Mkaa wa miti hauwezi kazi hiyo. Maji lazima yapite polepole, na chembe zikishashiba hazikamati tena, kwa hiyo napima maji yanayotoka kila baada ya muda na kubadilisha. Wapo majirani wasiotaka maji yaliyopita kwenye mifupa, kwa imani zao, na nawaheshimu. Kwao tangi la mvua ndilo jibu.

Jani lililoungua halirudi kijani. Usiliangalie hilo, angalia majani mapya ya katikati. Yangu yalitoka safi hadi nchani, na hapo ndipo nilipoamini.

Maji haya mazuri yana utaratibu nyumbani. Kwanza ni ya mtoto, ya kunywa na ya kupikia, maana meno ya kudumu bado yanajengeka ndani ya taya. (Na kwenye makande yake siweki magadi, kwa kuwa magadi ya huku nayo yana floraidi.) Yanayobaki ni ya masale. Mchicha na sukuma wiki vinapata ya bomba, sijaona majani yake yakiungua. Tangi likikaribia kwisha nachanganya ya mvua na ya bomba nusu kwa nusu. Floraidi inashuka karibu nusu, na masale yanavumilia hadi vuli.