Hati za kisheria kwenye kompyuta: anza na namba za vifungu

Kila anayeniambia anasomea kompyuta ili apate kazi ya ukarani kwa wakili, huwa namuuliza anafundishwa nini. Majibu hayatofautiani: kukoza herufi, kupiga mstari chini ya maneno, kubadili rangi, kupachika picha, kuzungushia ukurasa fremu ya maua. Halafu anapewa cheti. Cheti hicho hata mimi ninacho. Nilipokabidhiwa mkataba wa kurasa 40 niurekebishe, nilitafuta pa kuutumia ujuzi wangu wa fremu za maua, sikupaona.

Hati ya kisheria haiombi kupendeza. Inataka vifungu vyake vihesabike sawasawa, vitajane bila kupotezana, na vibaki salama baada ya kupita kwenye kompyuta za watu wengi, kila mmoja na tabia zake. Kwa hiyo leo naandika yale ambayo ningependa mwalimu wangu angeyaweka mbele ya fremu.

Chukua mkataba wa upangishaji. Kifungu cha 9 kinasema mpangaji asipolipa kodi kwa wakati, mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba kwa kutoa notisi kwa utaratibu wa kifungu cha 14.2. Wakili anarudi kutoka mazungumzoni anasema, "Dada, wenzetu wanataka kifungu cha bima kiingie baada ya cha 6." Kama namba zote ziliandikwa kwa kidole, kazi imeanza. Cha 7 kiwe cha 8, cha 8 kiwe cha 9, hivyo hivyo hadi mwisho. Hapo bado ni rahisi, maana namba zilizo pembeni zinaonekana. Balaa ni zile zilizojificha katikati ya sentensi. Ile 14.2 sasa inatakiwa isomeke 15.2. Ikibaki ilivyo, mwenye nyumba atatoa notisi kwa kufuata kifungu kinachoeleza nani anapaka rangi kuta.

Dawa yake ni staili. Staili ni jina unaloipa aina ya aya: hiki ni kifungu kikuu, hiki ni kifungu kidogo, hii ni aya ya (a). Ukishataja hivyo, programu inajua aya hiyo iandikwe vipi na ipewe namba gani. Kwenye Microsoft Word, staili ya kichwa cha kwanza, ndiyo tutakayoitumia kwa kifungu kikuu, unaiweka kwa Ctrl+Alt+1, ya pili kwa Ctrl+Alt+2, ya tatu kwa Ctrl+Alt+3. Usitishwe na rangi ya buluu zinayokuja nayo; rekebisha staili yenyewe mara moja, iwe nyeusi, fonti unayoitaka, nafasi unayoitaka, na hati nzima itafuata. Kisha unafungua orodha ya ngazi nyingi na kuifunga kila ngazi na staili yake: ngazi ya kwanza itoe 1, ya pili itoe 1.1, ya tatu itoe (a).

Hatua hiyo ya kufunga ngazi na staili inachosha, na ndiyo watu wanayoiruka. Wanabonyeza kile kitufe cha namba kilicho juu ya ukurasa kwa sababu kinatoa namba papo hapo. Kweli zinatoka. Lakini baada ya kunakili na kubandika kutoka mikataba mitatu tofauti, utakuta kifungu cha 11 kinafuatwa na cha 1, na ukikilazimisha kiwe 12, kingine kule ukurasa wa 30 kinabadilika bila kuulizwa. Hati ya namna hiyo ikinifikia, siitibu. Nainakili yote kama maandishi matupu kwenye hati yenye staili zangu na kupanga upya aya moja moja. Ni haraka kuliko kubembeleza.

Namba zikishajihesabu zenyewe, zile za katikati ya sentensi nazo zisiandikwe kwa kidole. Unaingiza rejeo: unaiambia programu ichukue namba ya kifungu cha notisi popote kilipo. Kifungu kikihama, rejeo linakifuata. Ila halifuati hapo hapo. Lazima uchague hati yote kwa Ctrl+A kisha ubonyeze F9. Na jambo ambalo hata wazoefu hawalijui: Ctrl+A haifiki kwenye tanbihi wala kwenye maandishi ya juu na chini ya ukurasa. Huko unaingia mwenyewe na kurudia.

Mtu akifuta kifungu kilichokuwa kikirejelewa, mahali pake programu ya Kiingereza itaandika ujumbe unaoanza na "Error!" kwa herufi nzito. Nimeshauona ujumbe huo ndani ya mkataba uliokwisha kusainiwa na pande zote mbili. Sasa kabla hati haijatoka mikononi mwangu, natafuta neno hilo kwanza.

Jambo la pili la kujifunza ni kuona kisichoonekana. Bonyeza Ctrl+Shift+8, au kile kitufe chenye alama ya ¶. Ghafla ukurasa unajaa nukta na mishale, na mwanafunzi anataka kuzima. Usizime. Nukta ni nafasi, mshale ni tabo (mruko wa kitufe cha Tab), na ¶ ni mwisho wa aya. Hapo ndipo utajua aliyekutangulia alisukuma kichwa cha habari katikati kwa kubonyeza nafasi ishirini, au alifika ukurasa mpya kwa kupiga Enter mpaka akafika.

Na ile ¶ si pambo. Word huhifadhi mpangilio wa aya ndani ya alama hiyo. Ukiifuta, aya yako inaungana na inayofuata na mpangilio unavurugika, nawe unabaki unaisingizia kompyuta. Mgawanyo wa sehemu, yaani alama inayotenga kurasa zenye mpangilio tofauti, ni hivyo hivyo: maelezo ya sehemu yanakaa kwenye alama iliyo mwishoni mwake. Futa alama hiyo, na kurasa zilizo juu yake zitachukua sura ya kurasa za chini. Viambatisho vyenye majedwali kwenye kurasa za kulala vimewahi kuulaza mkataba mzima kwa njia hiyo.

Mzee mmoja wakili tuliyefanya naye kazi hakuacha kuisifu WordPerfect, programu nyingine ya kuandikia hati. Toleo lake la 5.1 lilitoka mwaka 1989, na ofisi za sheria, hasa Marekani, ziliipenda kupita kiasi kwa sababu ilikuwa na dirisha la kufunua misimbo: hapa herufi nzito imeanza, hapa imeisha, ukitaka kuondoa unafuta msimbo wenyewe. Alikuwa ananiambia Word inaficha mambo. Kwa hilo nampa haki yake, ingawa mafaili aliyoniachia sitaki kuyakumbuka.

Sasa nije kwenye msaada usioombwa. Programu hizi zilitengenezwa kwa watu wote, na sisi wa hati za kisheria tuna mazoea yanayogongana nazo. Andika (a), kisha (b), kisha (c), na ile ya tatu inageuka kuwa alama ya hakimiliki, ©. Ctrl+Z inairudisha, lakini bora uingie kwenye orodha ya masahihisho ya moja kwa moja ukaifute kabisa. Ukikosa subira utafuta mara mia kwa mwezi.

Tarehe ni mbaya zaidi. Kuna namna ya kuingiza tarehe inayojibadilisha yenyewe. Kwenye barua ya madai iliyotumwa mwezi Machi, ukifungua faili mwezi Agosti ili uchapishe nakala ya mahakamani, inasoma Agosti. Barua yenye umri wa miezi mitano inageuka ya leo, na mpinzani anakuuliza notisi yako aliipata lini. Tarehe andika kwa mkono. Ukirithi faili lenye tarehe ya namna hiyo, weka kishale juu yake ubonyeze Ctrl+Shift+F9, itageuka maandishi ya kawaida. Ikishageuka, irekebishe iwe ile ya kwenye nakala iliyotumwa.

Na kikagua tahajia: kwa kawaida Word huruka maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu. Fikiria ni wapi tunaandika herufi kubwa tupu. Jina la mahakama, MDAI, MDAIWA, HATI YA KIAPO, majina ya kampuni. Yaani juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, anapoanzia hakimu kusoma. Ingia kwenye mipangilio uondoe ruhusa hiyo, halafu bado soma kwa macho.

Mambo mengine madogo: Ctrl+Shift+nafasi huweka nafasi isiyokatika, ili "kifungu cha" kisibaki mwisho wa mstari na "12" ikaangukia chini. Na sehemu ya saini itengeneze kwa jedwali lisilo na mistari, usitumie tabo, kisha uziamuru aya zake, pamoja na aya ya mwisho ya mkataba iliyo juu yake, zishikamane na zinazofuata. Ukurasa wa saini uliobaki peke yake, bila sentensi hata moja ya mkataba, ni karatasi inayoweza kubandikwa nyuma ya mkataba wowote.

Hati ikianza kusafiri kati yetu na upande wa pili, tunawasha ufuatiliaji wa mabadiliko. Kila neno lililoongezwa au kufutwa linabaki na rangi na jina la aliyeligusa. Ni kitu kizuri, lakini mimi sikitegemei. Anayetaka anaweza kukizima, akabadili siku 30 ziwe 13, akakiwasha tena. Hata bila nia mbaya hutokea. Kwa hiyo rasimu ikirudi nailinganisha mwenyewe na ile niliyotuma, kwa zana ya kulinganisha hati mbili iliyo ndani ya Word. Inachukua muda mfupi kuliko kunywa chai, na inaonyesha kila koma.

Na usitume kilichobaki ndani. Serikali ya Uingereza ilipotoa waraka wake kuhusu Iraq mwezi Februari 2003, uliwekwa mtandaoni kama faili la Word, na watu wakachimbua ndani yake majina ya waliouhariri. Januari 2019 huko Marekani, mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuwa meneja wa kampeni ya Donald Trump, waliwasilisha mahakamani hati yenye mistari iliyofunikwa kwa weusi. Wasomaji walinakili mistari hiyo, wakaibandika kwingine, na kila neno likasomeka. Weusi ulikuwa juu ya maneno tu, maneno yenyewe yalikuwepo. Cha kuficha kifute katika nakala ya pembeni, weka neno kama "imeondolewa" mahali pake, ndipo ugeuze iwe PDF. Kwenye menyu ya Faili kuna zana ya kukagua hati inayotafuta maoni, mabadiliko yasiyokubaliwa na majina ya waandishi. Iendeshe juu ya nakala, maana baadhi ya inachoondoa hakirudi.

Wasio na Word wasione nimewasahau. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, ina haya karibu yote: F11 inafungua staili, Ctrl+F10 inaonyesha alama zilizofichika, F9 inahuisha marejeo. Tatizo ni kwamba mawakili wengi hubadilishana mafaili ya docx, yaani ya Word, na namba za ngazi nyingi zikivuka kutoka programu moja kwenda nyingine mara nyingi hufika zikichechemea. Fungua, kagua, ndipo utume.

Wa kujifunza, usinunue kozi bado. Tafuta mkataba mrefu wa zamani usio na siri za mtu, unakili kama maandishi matupu ili upoteze mpangilio wote, kisha ujenge upya: staili, ngazi, marejeo, yaliyomo, saini. Ukimaliza, ingiza kifungu cha uongo kati ya cha 3 na cha 4, bonyeza Ctrl+A, bonyeza F9, na usome marejeo moja moja ukilinganisha na karatasi ya asili. Halafu kifute kifungu hicho, urudie.