Kisanduku Nilichoshindwa Kukijaza

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali nikijaza fomu kabla ya upasuaji mdogo wa goti, na kazi ilikwenda vizuri hadi nilipofika sehemu ya mtu wa kujulishwa endapo litatokea la kutokea. Jina la mtu niliyekuwa naye niliandika bila kufikiri, na namba yake ya simu nilikuwa nimeikariri. Kilichonikwamisha ni kisanduku kidogo cha mwisho kilichoandikwa "Uhusiano". Niliandika "rafiki", nikalikata. Nikaandika herufi "m" kwa nia ya kumalizia "mpenzi", nikasita, kwa sababu katika miezi 14 tuliyokuwa pamoja neno hilo hatukuwahi kulitamka baina yetu hata mara moja. Mwishowe niliomba fomu nyingine nikaandika jina la dada yangu. Muuguzi aliyeniletea hakuuliza kitu, lakini mimi nilibaki nikikitazama kile kisanduku cha fomu ya kwanza kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe akalisahau.

Ajabu ni kwamba kwa nje hakuna aliyekuwa na shaka nasi. Tuliongea kila usiku, siku za mapumziko tulikuwa pamoja, na alijua hofu zangu ambazo hata ndugu zangu hawazijui. Marafiki waliponiuliza tumefikia wapi nilijibu, "Tupo tupo tu," kisha tukacheka. Nilidhani ni mzaha, kumbe ndiyo maelezo sahihi kuliko yote niliyowahi kuyatoa kuhusu sisi. Katika mwezi wa pili aliniambia tusiharakishe mambo, nami nikaona ni busara, kwani watu wawili wanaozoeana wanahitaji muda. Katika mwezi wa 13 aliniambia maneno yale yale, kwa sauti ile ile, na sikugundua kwamba sentensi imezeeka na sisi hatujasogea.

Nilipokuwa nyumbani, mguu umeinuliwa juu ya mto na sina pa kwenda, nilianza kusoma jumbe zetu za miezi 3 iliyotangulia. Sikutafuta uongo, wala sikuukuta. Nilichokikuta ni cha kisarufi. Kila alipoandika "tutafanya" au "tutakwenda", jambo lenyewe lilihusu kesho au keshokutwa. Kila jambo la mbali zaidi ya hapo lilikuja kwa "-nge-": tungesafiri, tungepata nafasi, ingefaa. Ujumbe mmoja ulisema, "Ingependeza siku moja ufike nyumbani umwone mama." Nakumbuka furaha niliyoipata siku ile, furaha iliyonichukua siku mbili nzima, na sasa nikiusoma upya niliona kwamba haukuwa na tarehe, haukuwa na mwaliko, na mimi sikuwa nimethubutu kuuliza hata "lini?" Kilichoniuma zaidi ni kuona kwamba jumbe zangu nazo zilikuwa zimeiga mtindo huo, kwa kuwa nilijifunza kutotaja chochote ambacho kingehitaji kujibiwa.

Baada ya hapo niliweka daftari kwa wiki 4, nikiandika nani ameanza mazungumzo na nani amependekeza tukutane. Nilitarajia kukuta kwamba mimi ndiye ninayefuata kila siku, lakini haikuwa hivyo. Nilipomtafuta alijibu kwa uvivu, na nilipokaa kimya siku mbili au tatu alikuja na uchangamfu wote wa siku za mwanzo. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha kwa majaribio ya panya na njiwa kwamba mnyama anayebofya kitufe na kupewa chakula kwa kubahatisha hukawia sana kuacha kubofya chakula kinapokatwa, kuliko yule aliyezoea kupewa kila anapobofya. Sikufurahia kujilinganisha na njiwa. Hata hivyo, nilielewa kwa nini zile siku 3 nzuri kwa mwezi zilinishika kuliko ambavyo uhusiano wa kawaida ungenishika, na sidhani kwamba yeye alizipanga kwa hila.

Niseme pia kwamba baadhi ya dalili za uhusiano usioeleweka ambazo watu huzitaja mimi nazipuuza. Mtu kutoiweka picha yako hadharani hakuthibitishi kitu, maana wapo wanandoa wa miaka mingi wasiofanya hivyo. Wapo pia watu wawili waliokubaliana wazi kwamba hawataki jina wala ahadi, na hao hawana utata wowote, kwa sababu wote wawili wanajua walichokubaliana. Dalili iliyonisadikisha mimi ilikuwa ndani yangu. Baada ya upasuaji alinitumia "pole sana", kisha akaja kuniona siku ya nne, akakaa saa moja na kunichekesha kweli kweli. Alipoondoka nilikuwa na hasira kwa zile siku tatu, na papo hapo nikaanza kujihoji kama nina haki ya kukasirika. Hakuna ahadi aliyoivunja, kwa kuwa hapakuwa na ahadi. Nikakumbuka kwamba kwa zaidi ya mwaka kila nilipoumia nilianza kwanza kuchunguza kama nina kibali cha kuumia, na karibu kila mara nilijinyima.

Swali lenyewe nilikuwa nimeliuliza vibaya huko nyuma, usiku, nikijichekesha: "Hivi sisi ni nini?" Naye akajibu, "Sisi ni sisi," tukalala. Safari hii nilichagua mchana, ana kwa ana, na nikaanza na langu badala ya kumtega aseme la kwake. Nilimwambia, "Mimi nataka tuwe wapenzi, tujulikane kwa watu wetu, na tupange mambo kwa tarehe. Wewe unataka nini?" Alijibu kwa upole na kwa kirefu, kwamba ananithamini, kwamba hajawahi kuzoeana na mtu hivi, kwamba majina huharibu vitu. Nilimsikiliza hadi mwisho, nikauliza kama kuna wakati anaoufikiria ambapo atakuwa tayari. Alinyamaza, akasema hajui. Zamani "sijui" yake ningeichukua kama mlango uliorudishwa tu bila kufungwa. Siku ile niliihesabu kuwa jibu.

Sikumpa muda wa mwisho, kwa kuwa nilihofia kupewa ahadi ya kuninyamazisha. Nilijipa muda mwenyewe, hadi mwisho wa mwezi, kuona kama kuna chochote kitakachobadilika bila mimi kusukuma. Hakikubadilika, nikamweleza kwamba nimeamua kuondoka, akasema ananielewa. Yote yalichukua dakika zisizozidi 20.

Sikujiandaa kwa huzuni iliyofuata, kwani nilidhani kitu kisicho na jina hakina matanga. Dada yangu aliponikuta nalia aliuliza, "Mdogo wangu, si ulisema mpo mpo tu?" nami sikuwa na la kumjibu. Baadaye nilisoma kuhusu Pauline Boss, mtafiti wa Marekani ambaye tangu miaka ya 1970 amechunguza majonzi yasiyo na hatima bayana, yakiwemo ya familia za wanajeshi waliopotea vitani Vietnam. Yangu hayafanani hata kidogo na yale, lakini lilinisaidia wazo lake kwamba hasara isiyotambuliwa na watu hulemea kwa sababu hakuna anayekuambia pole. Nilimwomba dada aniambie pole. Aliniambia.

Miezi 2 baadaye ujumbe uliingia: "Umepotea sana!" Nilimjibu kwamba nipo, nikamtakia heri, nikarudi kwenye kazi niliyokuwa nayo. Jioni, nilipokuwa naweka simu kwenye chaji, ndipo nilipokumbuka kwamba sikuwa nimeangalia kama alijibu.