Nilivyonunua Celsior yangu na kuifikisha Tabora

Kila niliyemgusia kwamba natafuta Celsior, gari kubwa la Toyota lenye V8, yaani injini ya silinda nane, alinijibu kwa neno moja: IST, kile kigari kidogo cha Toyota. Shemeji yangu, majirani wa Isevya, mpaka vijana wanaonibebea viti vya ukumbini, wote walikuwa wataalamu. "Dada, V8 itakufilisi. Spea hakuna, fundi wa kuishika hapa Tabora hakuna, mafuta ndiyo usiseme." Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika usukani wa gari hilo. Leo limeshabeba maharusi Ipuli, Cheyo, Kanyenye, limefika Nzega na kurudi, na halijawahi kulala njiani. Ushauri ule bado unatembea mjini, na unawakosesha watu gari zuri kwa sababu zisizo za kweli, huku hatari yenyewe haitajwi na mtu.

Mimi napamba kumbi. Wateja wangu wakitaka gari la maharusi lenye hadhi walikuwa wanalikodi Mwanza au Shinyanga, wanalipa gari, wanalipa dereva, wanalipa mafuta ya kuja na kurudi. Hela yote hiyo ilikuwa inapita mbele yangu. Crown zipo nyingi, Harrier ndiyo usiseme. Nilitaka gari ambalo bibi harusi akishuka watu wanyamaze kwanza.

Kwa asiyelijua, Celsior ndiyo Lexus LS yenyewe. Lexus kama jina haikuuzwa Japani mpaka mwaka 2005, kwa hiyo kule kwao gari lilelile lilikuwa linabandikwa nembo ya Toyota na kuitwa Celsior. La kizazi cha mwisho lilitoka mwaka 2000 mpaka 2006, injini ya 3UZ-FE, V8 ya lita 4.3. Usukani uko kulia kama wetu. Ndani ni ngozi na mbao, na ukifunga kioo unasikia pumzi zako. Ndilo gari ambalo Toyota walilitengeneza kushindana na Mercedes S-Class, na kwa umri lilionao sasa linauzwa kwa hela ambayo mfanyabiashara wa kawaida akijibana anaipata.

Kuagiza Japani nililiacha mapema, baada ya kupiga hesabu. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, injini ya zaidi ya cc 2,000 inaongezewa asilimia 10, gari lililozidi miaka kumi linapigwa uchakavu wa asilimia 30, halafu VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya vyote hivyo. Jumlisha mwenyewe, kodi inapita bei ya gari pamoja na nauli yake ya meli. Bora lenye namba za T tayari, yaani lililokwisha sajiliwa hapa Tanzania, ambalo mwenzako alishalia kwa niaba yako.

Sasa nije kwenye hatari yenyewe. Celsior hizi zina madaraja. Ile wanayoiita C, ambayo ndiyo imejaa mazagazaga, haina springi za chuma. Kila mguu umekalia mfuko wa mpira unaojazwa hewa na pampu. Likiwa jipya ni raha tupu. Likizeeka ile mipira inapasuka vijinyufa na hewa inatoka kidogokidogo. Injini ikiwaka, pampu inajaza na huoni kitu. Gari likizimwa na kukaa, linashuka. Bei ya mguu mmoja mpya inakaribia bodaboda, na miguu ni minne. Hao waliofilisiwa na "gari kubwa" wengi wao walifilisiwa na hewa, halafu injini ndiyo ikabeba lawama.

La kwanza kuliendea lilikuwa Dar. Jeupe la lulu, picha zake zinakuita. Muuzaji mtu mzima, mstaarabu, nyumba yenye bustani. Nilipofika getini gari lilikuwa linawaka, AC inapuliza. Akasema amelipasha moto nisihangaike. Tukazunguka nalo mtaani, likapita kwenye mashimo bila hata kunitikisa. Lakini karibu na gia nilishaona kitufe cha kupandisha gari juu. Kitufe kile kikiwepo, gari ni la hewa.

Tuliporudi nilichomoa futi yangu ya kupimia vitambaa. Nikapima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa bodi juu ya tairi, pembe zote nne, nikaandika kwenye daftari. Nyuma kushoto ilisoma sentimita 37. Muuzaji akacheka, "Dada unalishonea nguo?" Nikamwambia, "Kaka, zima gari, tukae tuongee bei."

Mtu akishakukaribisha kibarazani, hana namna ya kukuharakisha. Niliomba maji. Nikaomba kumsalimia mama mwenye nyumba, akatoka, kumbe kwao upande wa mama ni Urambo, hapo tukaulizana koo na vijiji mpaka tukakuta tunaowafahamu. Chai ikaja, na mihogo ya kuchemsha. Bei naitaja, anaitaja, naishusha kidogo, naacha, nauliza habari za watoto wanasoma wapi. Magharibi ikaadhiniwa. Akainuka, "Ngoja niliingize gari ndani." Nikamwambia, "Tulia kaka, getini pamefungwa, tumalize hili la bei kwanza." Akakaa. Baadaye kidogo akainuka tena, safari hii mkewe ndiye aliyemwambia amwache mgeni amalize chai. Nilimpenda sana yule mama.

Ilipoadhiniwa Isha niliomba tutoke tukaliangalie gari mara ya mwisho. Sikuhitaji hata futi, lilikuwa limeinama kisogoni upande mmoja. Lakini nilipima, namulika kwa tochi ya simu, yeye amesimama pembeni. Nyuma kushoto, sentimita 33. Nyuma kulia, 35. Nikamwonyesha daftari. Akasema haya ni ya kawaida kwa magari haya. Kweli ni ya kawaida, na ndiyo maana sikulinunua. Kuna watu wanatoa hewa na kufunga springi za chuma, inafanyika vizuri tu, ila gharama hiyo ikatwe kwenye bei, na yeye hakutaka kusikia la kukata. Tuliagana vizuri, mkewe akanifungashia mihogo iliyobaki.

Kuna na lile la yadi ya kuuzia magari, nalo niliseme maana watu wengi wanaibiwa hivi. Dashibodi ilisoma kilomita 87,000. Safi, ngozi haijachanika. Nikafungua boneti. Mafundi wa Japani wakibadilisha taimingi belti, ule mkanda unaofanya valvu na pistoni za injini ziende pamoja, wana desturi ya kubandika stika kwenye injini, wanaandika kilomita na tarehe. Maandishi ni ya Kijapani lakini namba zinasomeka. Mwaka wanaweza kuuandika kwa hesabu ya enzi ya mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo unachukua namba iliyoandikwa unaongeza 1988. Stika ya gari lile ilisema 22, yaani 2010, na kilomita zilizoandikwa zilikuwa 103,000. Gari lilibadilishwa belti likiwa na 103,000 mwaka 2010, leo lina 87,000? Nilimwita kijana wa yadi nikamwonyesha kwa kidole. Akaniambia anaenda kumuuliza bosi. Sikumsubiri.

Hili langu nililipata Mwanza, kwa mzee mstaafu aliyekuwa analitoa Jumapili tu kwenda kanisani. Nilimpigia simu kabla, nikampa shikamoo yake, kisha nikamwomba jambo moja, "Baba, naomba usiliwashe mpaka nifike." Akajibu, "Mwanangu, hata betri nitakuchomolea ukitaka." Nilifika na fundi wangu kutoka Tabora, ambaye amezoea Land Cruiser 100 za petroli. Injini ya zile, 2UZ, ni ndugu wa tumbo moja na hii ya Celsior, fundi aliyeshika moja haogopi nyingine. Hao wanaosema Tabora hakuna fundi hawajawahi kuuliza.

Turubai likatolewa. Nikaweka kiganja kwenye boneti, baridi. Kitufe cha hewa hakuna, fundi akachungulia chini, springi za chuma miguu yote. Likawashwa, likakohoa? Halikukohoa. Mpaka nilimuuliza mzee kama kweli limewaka. Kabla sijauliza lolote yeye mwenyewe akaanza kuhesabu ubovu: kioo cha nyuma kushoto kinapanda kwa kusitasita, shokapu za nyuma zimechoka, AC iliwahi kuongezwa gesi. Muuzaji anayekutajia ubovu mwenyewe, msikilize kwa makini na umheshimu kwenye bei. Bei aliyoitaka ilikuwa ya IST mbili zilizochoka kidogo. Alikuwa amekaa na gari muda mrefu, kila anayekuja anaiogopa V8. Woga wa watu ndio ulionipa punguzo.

Mkataba kwa wakili, deni la faini za trafiki likaangaliwa kwa namba ya gari, kadi ikabadilishwa jina. Hayo kila mtu anayajua.

Stika ya belti hii haikuwepo, na mzee hakukumbuka kama iliwahi kubadilishwa. Kilomita zilikuwa 112,000 na ushee, wakati Wajapani wenyewe wanaitoa kwenye 100,000. Kwenye injini hii belti ikikatika valvu zinagongana na pistoni, na hapo ndipo maneno ya shemeji yangetimia. Watu waliniambia, "Liendeshe tu mpaka Tabora, utabadilisha ukifika." Nilikataa kata kata. Spea zikaagizwa Ilala, Dar, zikapanda basi. Fundi alipofungua kava akaniita nione. Belti ilikuwa na nyufa nyembamba mgongoni kote, na chini ya wota pampu kulikuwa na ukoko wa pinki, alama ya kulanti, yaani maji ya kupozea injini, iliyokuwa inavuja na kukauka, inavuja na kukauka. Tukabadilisha vyote pamoja, belti, pampu, tenshena inayokaza belti, na sili, maana kuifikia pampu lazima belti ivuliwe, na kulipa ufundi mara mbili ni kuchezea hela. Haikufika milioni pamoja na ufundi. Shokapu nikaziacha kwanza.

Kutoka Mwanza mpaka Tabora kupitia Shinyanga na Nzega ni lami. Fundi alikuwa anaendesha, mimi nimekaa nyuma kama bibi harusi mwenyewe, najaribu kiti. Matuta ndiyo adui pekee, gari liko chini, kwa hiyo tuta unalivuka kwa mshazari, tairi moja baada ya jingine. Wenye haraka nyuma yako wapige honi mpaka wachoke.

Mafuta linatumia, siwezi kudanganya. Mjini halifiki kilomita saba kwa lita, barabara ndefu ni afadhali sana. Lakini gari la harusi linatembea kilomita ngapi kwa siku? Saluni, kanisani, kupiga picha, ukumbini. Mafuta nimeyaweka kwenye bei ya kukodi na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Msimu wa tumbaku ukishalipa, simu hazikauki. Barabara za vumbi za vijijini sipeleki, nawaambia wateja wazi kwamba tutakutana lami inapoishia.

Redio ya Japani inaishia FM 90, stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kale kamashine ka kuongeza masafa ni ka bei ndogo na fundi redio yeyote anakafunga. Ile sauti ya dada wa Kijapani inayosema kuhusu kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara za kule kwao, kila ukiwasha, nimeiacha, maharusi wanaifurahia. Na mwenye gari jeupe hapa Tabora asiliegeshe chini ya mwembe kuanzia maembe yanapoanza kukomaa. Utomvu wake ukikaukia kwenye rangi unatoka na rangi, na embe dodo likidondoka kutoka juu linaacha bonde kwenye boneti. Mimi nimejenga kibanda cha bati nyuma ya nyumba kabla gari halijafika.

Shokapu za nyuma zimeshabadilishwa, kioo nacho kimetengenezwa, ilikuwa ni mota tu. Sasa hivi nasubiri bushi za amu za chini za mbele, zile raba za kwenye mikono inayoshika tairi. Hizo ndizo zinazowahi kuchoka kwenye gari hili, unazijua kwa mlio wa kugonga ukikanyaga breki polepole kwenye njia mbovu. Ziko njiani na basi kutoka Dar, na fundi ameshaniambia nilipeleke Jumatatu, maana Jumamosi lina harusi mbili.