Somo Yake

Binti wa kaka yangu ana mimba ya miezi minane na siku hizi hana mazungumzo mengine ila majina. Jana usiku alinitumia orodha ndefu, na chini yake swali: "Shangazi, lipi kati ya haya walimu hawataliharibu?" Nikajikuta niko Kibokoni, Mombasa, kwenye kile chumba cha ghorofani, jioni ya siku ya sita tangu nimzae binti yangu.

Kesho yake mtoto alikuwa anyolewe na apewe jina, na jina lenyewe lilikuwa halijakubaliwa. Baba mtoto alitaka Amina. Wifi zangu kila mmoja na lake. Mimi nilitaka Raudha, jina la mavyaa wangu, mamake mume wangu, na nililitaka kwa moyo wangu wote. Mavyaa ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto kila asubuhi, na ndiye aliyenisimamia mpaka nimalize uji wa pilipili manga hata nikiwa nalia. Jina hilo alipewa na babake aliporudi hijja, kwa ajili ya Raudha ya Madina, ile sehemu ya Msikiti wa Mtume iliyo baina ya nyumba ya Mtume na mimbari yake. Kwetu mtoto akipewa jina la bibi yake, wale wawili huwa somo, na mapenzi ya somo ni mengine. Niliona hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo ninayoweza kumpa.

Yeye hakutaka kabisa.

Alikuwa amempakata mtoto mapajani, anampaka wanja. Nyusi moja ilikuwa tayari, imechorwa ikapinda vizuri, na kidole chake kidogo kilikuwa cheusi mpaka kwenye kifundo. Niliposema, "Mama, mimi nataka awe somo yako," kidole kikasimama hewani. Mtoto alibaki na nyusi moja, anapiga miayo. Udi ulikuwa unafuka kwenye chetezo karibu na mlango, na kule chini kichochoroni mtu alikuwa akipita na mkokoteni wa maji, mitungi inagongana.

"Mpeni Amina," akasema. "Amina halina wa kulivunja."

Nikadhani anaona haya tu, kama watu wazima wanavyokataa kitu mara ya kwanza kwa adabu. Nikamshikilia. Ndipo akanihadithia, bila ya kunitazama, macho yake yako kwa mtoto.

Alikuwa msichana, na mwanawe wa kwanza, yaani huyu mume wangu, ana homa. Akampeleka hospitali alfajiri. Mwandishi wa kadi akamuuliza jina, akamtajia, naye akaandika alivyosikia. Akaambiwa akae kwenye benchi angoje kuitwa. "Nalikaa," akasema. "Wakaitwa hawa, wakaitwa wale. Nesi akitokeza pale mlangoni anaita, 'Rhoda! Rhoda!' Hapana anayeinuka. Akirudi ndani, akitoka tena, 'Rhoda!' Mimi nikamwambia mwanamke aliye ubavuni mwangu, huyu Rhoda naye kaenda wapi, maskini, mwanawe atakosa dawa."

Jua likapanda, benchi likapungua. Mtoto alikuwa kama mkate uliotoka tanuuni, na yeye anampepea kwa upindo wa buibui. Hata akabaki peke yake na mtu wa kupiga deki, aliyemwambia ainue miguu apitishe tambara. Nesi akatoka na pochi yake begani. "We mama unangoja nini?" Akasema, "Nangoja kuitwa." "Jina lako nani?" "Raudha." Nesi akatazama kadi, akamtazama yeye. "Si ndiyo Rhoda? Nimekuita tangu asubuhi! Huna masikio?" Na daktari alikuwa ameshakwenda zake.

Usiku ule hakulala. Alimfuta mtoto kwa kitambaa cha maji mpaka adhana ya alfajiri, akarudi tena kwenye benchi lile lile, na safari hiyo alipoitwa Rhoda alisimama mbio.

"Tangu siku ile," akaniambia, "mimi nikisikia mtu anaanza na R tu, nshasimama."

Nilikuwa na uchungu wa kila aina siku zile, wa mwili na wa maziwa yaliyokuwa yamejaa, lakini ule ulinikaa mahali pengine. Nikasema, "Lakini Mama, aliyekosea ni aliyeandika."

"Aliyeandika hakukesha na mtoto mwenye homa, mwanangu."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Nilichoweza kusema ni kwamba nalipenda jina lake, na kwamba tukiliacha kwa sababu ya yule mwandishi, atakuwa amelifuta mara mbili. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akamgeuza mtoto, akamalizia nyusi ya pili, na akamtia doa la wanja kwenye paji la uso, pembeni kidogo, kwa ajili ya jicho la watu. Akasema kama mtu anayekubali bei asiyoitaka: "Basi mfundishe kuwaambia siyo hivyo. Mfundishe mapema. Mimi sikufundishwa."

Ya siku ya saba nitayapitisha haraka. Nywele zikanyolewa, zikapimwa, ikatolewa sadaka kwa uzani wake wa fedha. Mbuzi akachinjwa, watu wakala pilau, dua ikasomwa, jina likatajwa. Mume wangu alilitamka akiutazama mlango wa chumba cha wanawake. Nyuma ya pazia mavyaa alikuwa anawagawia wageni sahani kana kwamba hakusikia.

Kwenye ofisi ya vyeti nilikwenda na karatasi niliyoandika kwa herufi kubwa: RAUDHA. Karani alitaka nimtajie tu, nikasema naomba unakili kutoka hapa. Akaandika sawa, Mungu ambariki. Kadi ya kliniki ndiyo iliyotoka Rauda, bila h, na nilikataa kuipokea. Kina mama waliokuwa nyuma yangu walinuna, na nawaelewa, jua lilikuwa kali na watoto wanalia. Lakini nilikuwa naliona lile benchi.

Sasa binti yangu ni mkubwa na anaitwa kila namna. Shemeji zetu wa Tanga wanamwita Rauza, maana wao dh huitamka z, na wanamwita kwa mapenzi tele. Muuza duka ni Lauda. Anayelisema barabara kuliko wote huko shuleni ni mwalimu wake aliyetoka Nyeri. Nilistaajabu, kwa sababu sisi watu wa pwani tumezoea kudhani wa bara ndio watakaoharibu. Akaniambia mbona sauti hiyo ya dh kwao ipo tele, ila Wagikuyu huiandika th, na r wanayo pia. Basi jina alilolitoa babu wa Mombasa, lililotoka Madina, linakaa vizuri kwenye ulimi wa mtu wa Nyeri. Nilifurahi sana siku hiyo, na nilikwenda kumwambia mavyaa. Akasema, "Ahaa," na akaomba aletwe mwalimu huyo ale chakula.

Mimi mwenyewe silitumii. Heshima hainiruhusu. Siwezi kumgombeza mtoto kwa jina la mavyaa wangu, wala kuliita kutoka dirishani huku mwenyewe amekaa barazani anasikia. Namwita Mama. Bibi yake anamwita Somo, naye hujibu "Somo" vile vile. Kwa hiyo jina nililolipigania hivyo husemwa zaidi na watu wa nje, kila mmoja na lake, na ndani ya nyumba yetu halisikiki takriban kabisa. Hilo hunijia usiku. Sijui kama nilimpa mtoto jina, au nilimpa kazi ambayo bibi yake ilimshinda.

Hivi karibuni tulimpeleka mavyaa kupimwa presha, sote watatu. Kijana wa mapokezi akatokeza na faili, akaita, "Roda?" Mavyaa alikuwa ameshanyanyuka, mkono mmoja kwenye ukuta, buibui linaburura. Binti yangu akamshika kiwiko.

"Kaa, Somo. Hajatuita."

"Tutakosa zamu."

"Hatukosi." Kisha akapaza sauti, kwa adabu, "Kaka, ni Raudha. Raudha."

Yule kijana akainama kwenye faili, akajaribu, akajaribu tena. Mavyaa hakukaa. Alimngoja amesimama vile vile, na mjukuu wake amemshika kiwiko, mpaka lilipotoka.